Wikiendi ndefu Bukoba ukitokea Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kalenda ikionyesha tu kwamba sikukuu imeangukia Ijumaa au Jumatatu, simu zinaanza: twende wapi, tunaenda na nini, tutalala wapi. Kwa mtu wa Mwanza jibu langu ni moja, nenda Bukoba. Maswali yaliyo hapa chini ndo yale watu wanayarudia kila msimu, nimeyapanga kuanzia ya mtu ambaye hajawahi kufika kabisa mpaka ya yule ambaye mipango imemgeuka akiwa njiani.

## Ya kuanzia

Bukoba ina nini ambacho Mwanza hatuna? Si ziwa lile lile?

Ziwa ni lile lile ila mji ni mwingine kabisa. Bukoba imekaa chini kwenye bonde, vilima vya kijani viko nyuma yake, migomba inaanza pale pale nyumba zinapoishia, na katikati ya mji unapamaliza kwa miguu asubuhi moja bila haraka. Pia kuna ubaridi fulani ambao mtu wa Mwanza anaushangaa, jioni unatafuta sweta.

Halafu kuna historia. Emin Pasha, Mjerumani aliyewahi kuwa gavana wa jimbo la Equatoria (Sudan Kusini ya leo) chini ya Misri, alianzisha kituo cha Wajerumani hapo mwaka 1890, miaka miwili kabla hawajaanzisha cha kwetu Mwanza. Mwaka 1906 wakaifanya Bukoba eneo la utawala wa pekee kama walivyofanya Rwanda na Burundi, maana yake wafalme wa Kihaya, bakama, waliachwa kwenye viti vyao, na Mjerumani akawa anawasimamia kwa juu. Kwa hiyo unakuta historia mbili zinaenda pamoja, ya mkoloni iko ufukweni na ya bakama iko vijijini kwenye migomba, na anayeishia ufukweni akapiga picha akarudi amekosa nusu ya safari.

Siku ngapi zinatosha?

Tatu kamili ukiwa Bukoba kwenyewe ndo raha. Mbili zinawezekana kama utakubali kuacha vitu. Hesabu vizuri lakini, sikukuu ikiwa Ijumaa na ukaondoka kwa basi Ijumaa asubuhi, siku hiyo imeisha barabarani, na Jumapili ukirudi kwa basi nayo imeisha barabarani, unabaki na Jumamosi peke yake, hapo umesafiri sana na kutembea kidogo. Ndo maana swali la usafiri (linafuata sehemu ya pili) linatakiwa lijibiwe kabla ya swali la hoteli, watu wengi wanaanza na hoteli.

Mpangilio ninaoupenda ni huu: siku ya kwanza mji wa zamani na ufukwe, ya pili kitu kimoja cha nje ya mji, ya tatu kisiwa cha Musira au sokoni na kupumzika. Kimoja kwa siku. Kagera ni mkoa mkubwa, usitake kuumaliza wikiendi moja.

Niende mwezi gani?

Juni mpaka Agosti ndo kukavu zaidi, kwa hiyo Saba Saba na Nane Nane ni nafasi nzuri sana ya kwenda. Machi mpaka Mei mvua ni nzito kwelikweli, na tusidanganyane, Bukoba ni kati ya miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini, kwa mwaka inafika milimita 2,000 hivi. Pasaka na Muungano mara nyingi zinaangukia humo humo kwenye masika, nenda ila beba koti la mvua na viatu vinavyostahimili tope.

Oktoba mpaka Desemba mvua zinarudi, lakini huo ndo wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa, hasa Novemba, na kuna watu wanafunga safari kwa ajili ya senene tu. Krismasi nimeipa swali lake mwishoni kwa sababu ina mambo yake.

Bajeti naipangaje?

Nauli na malazi ndo vinakula hela, chakula hakiumizi kabisa ukila wanakokula wenyeji. Kinachowatoa watu kwenye bajeti ni usafiri wa kuzunguka vijijini, unapata bodaboda au teksi ya kukupeleka Kyaka au Katuruka halafu hamkuelewana kama bei ni ya kwenda tu au kwenda na kurudi na kusubiri. Elewaneni yote hayo kabla hujapanda, na kama mko wanne chukueni gari moja mchangie. Toa hela ya kutosha mjini kabla ya kwenda vijijini, hata kama unategemea simu, maana mzee anayekuuzia kahawa ya kutafuna barazani kwake anataka noti.

## Usafiri

Meli au basi?

Meli kwenda, basi kurudi. Huo ndo ushauri wangu kwa mtu ambaye hajawahi kufika, na sababu ni kwamba meli inasafiri usiku, inaondoka Mwanza usiku na asubuhi inafika Bukoba ikiwa imepitia Kemondo, kwa hiyo hupotezi mchana, halafu unauingia mji kama ulivyokuwa unaingiwa enzi hizo kabla ya lami, kwa mbele, kutokea majini. Kukianza kupambazuka toka nje simama upande wa kushoto, unaanza kuona mstari mweusi wa nchi kavu, baadaye miamba, baadaye Musira imesimama peke yake majini, halafu mabati ya mji yanaanza kung'aa. Kwa basi hiyo huipati.

Tatizo la meli ni moja, haiendi kila siku. Kabla ya kuomba ruhusa kazini nenda bandarini au piga simu uulize inaondoka siku gani wiki hiyo unayotaka wewe, ratiba ya mwezi uliopita usiitegemee. Kama siku ya meli haikai sawa na wikiendi yako basi chukua basi kwenda na kurudi, stendi ya Nyegezi asubuhi na mapema, ni kilomita 400 na ushee, tenga siku nzima.

Meli yenyewe ikoje? Daraja lipi nichukue?

MV Victoria imeanza kazi kwenye ziwa hili mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikasimama miaka kadhaa, ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi majini 2020. Inabeba abiria 1,200 na mizigo tani 400, na hiyo mizigo utaiona mwenyewe, meli ikirudi Mwanza imesheheni mikungu ya ndizi.

Kama unasafiri na watoto au mzazi chukua chumba, mtu alale anyooshe miguu. Ukiwa kijana na mwenye hela ya kubana daraja la tatu linafaa, ila ndo unakaa na watu wengi na mizigo na usiku ni mrefu, kwa hiyo fika mapema upate kiti kizuri, beba shuka au kitenge, maana usiku ule upepo wa ziwani ni baridi hata kama mchana Mwanza kulikuwa na jua kali. Maji ya kunywa beba, chaji simu nyumbani, na dawa ya kichefuchefu meza kabla meli haijaanza kuyumba, ukishaanza kutapika imeshachelewa.

Naogopa. Ile ya 1996 bado ipo kichwani.

Ipo kwa wote. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikija Mwanza kutokea Bukoba, ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake na waliokufa ni zaidi ya 800, familia ngapi za Mwanza na Kagera hazina mtu aliyeguswa? Makaburi yapo pale Igoma, na kama hujawahi kufika nenda siku moja, kabla ya safari au baada, kaa kidogo.

Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu asiogope. Ninachomwambia ni haya: tiketi iandikwe jina lako halisi, usikubali kupanda kwa jina la mtu mwingine, ukishaingia tafuta jaketi za kuokolea zilipo na umwonyeshe kila uliyesafiri naye, na ukiona chombo chochote kimejaa kuliko inavyotakiwa, iwe meli au mtumbwi wa injini wa kwenda kisiwani, shuka. Hata kama umeshalipa. Na kama moyo umekataa kabisa, basi lipo, hakuna aliyelazimishwa.

Nina gari langu. Barabara ikoje sasa hivi?

Imerahisishwa sana na daraja. Zamani ukifika Kigongo unapanga foleni ya kivuko, siku za sikukuu unaweza kukaa hapo mpaka watoto wakalia, sasa hivi unapita juu ya Daraja la JP Magufuli, Kigongo–Busisi, urefu kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Unatoka Usagara, unavuka, Sengerema, Geita, Katoro, Bwanga, Biharamulo, Muleba, halafu unashuka Bukoba.

Ondoka alfajiri ili giza lisikukute njiani, kuna mapori marefu upande wa Biharamulo na sehemu nyingine watu, ng'ombe na baiskeli za ndizi wote wako barabarani. Jaza mafuta Geita. Ukitaka kupumzika Biharamulo, pale kuna boma la Wajerumani lililobaki limesimama, na kwa kweli kama ngome ndo unayotaka kuiona basi hiyo ndo ya kusimama, kwa sababu ambayo utaikuta kwenye swali la mwaka 1915.

Na ndege?

Ipo, ni dakika 45 hivi, unafika kabla hujamaliza soda. Watu wanauliza usalama kwa sababu ya ajali ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliangukia ziwani karibu kabisa na uwanja, ilikuwa na watu 43 na 19 walifariki, na wavuvi ndo walikuwa wa kwanza kufika kuokoa. Uwanja uko kando ya ziwa na hali ya hewa ya Bukoba inageuka upesi, kwa hiyo ndege kuchelewa au kugeuzwa kwa sababu ya ukungu na mvua lichukulie kama jambo la kawaida na usilalamike. Ukipanda ndege usipange mkutano wa Jumatatu saa 2 asubuhi.

## Ukiwa mjini

Nilale upande gani?

Kama umekuja kupumzika lala upande wa ziwani, asubuhi unatoka unatembea mchangani. Kama unabana hela au unapanda basi la alfajiri lala karibu na stendi na soko, gesti zipo nyingi na unapata supu mlangoni. Kati ya hizo mbili sio mbali, unatembea. Uliza maji ya moto, sikutanii, kule utayahitaji, na uliza chandarua.

Hayo majengo ya Wajerumani yako wapi hasa?

Anzia ufukweni, maeneo ya Lake Hotel, upande huo ndo mji ulipoanzia. Kuna makaburi ya Wajerumani hapo karibu, na nyumba za zamani zenye kuta nene, baraza pana na paa lililoshuka chini kuzuia mvua. Halafu kuna Duka Kubwa, duka la kwanza kubwa la mji tangu enzi hizo. Ukitoka hapo unapanda kuelekea mjini unakutana na maduka ya Wahindi ya wakati wa Mwingereza, yale ya ghorofa moja juu familia chini biashara.

Hakuna vibao vya kukueleza kila kitu, ndo maana nasema Bukoba ni mji wa kuongea na watu. Ukimwona mzee amekaa barazani, shikamoo kwanza, habari za hapa, halafu uliza nyumba hii ilikuwa ya nani, utasimuliwa mpaka jua lizame. Wahaya wanapenda kusimulia na wanasimulia vizuri, kwa utaratibu, na majina ya ukoo yote.

Makumbusho ya Kagera nayo ipo, upande wa Nyamukazi kupita uwanja wa ndege, zana za Kihaya na picha za wanyama wa mkoa. Ni ndogo, saa moja inatosha, lakini nenda siku ya kwanza, itakusaidia kuelewa vitu utakavyoviona vijijini.

Mbona hakuna ngome kubwa? Nilitegemea kuta na mizinga.

Sababu ni vita. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 Waingereza walitoka Kisumu na meli, wakashuka karibu na mji, wakapigana na Wajerumani siku mbili, shabaha yao kubwa ikiwa mnara wa simu ya upepo ambao Wajerumani walikuwa wanautumia kuwasiliana. Waliuangusha, ngome ikaharibiwa, na mji ukaporwa, halafu wakapanda meli zao wakaondoka. Waliurudia mji mwaka uliofuata na safari hiyo wakabaki.

Kwa hiyo ukisimama ufukweni pale penye utulivu na ndege wa majini, jua kwamba vita kuu ya kwanza ya dunia ilipigwa hapo hapo na waliobeba mizigo ya pande zote mbili ni babu zetu. Hilo mi huwa nawaambia vijana nikiwa nao, wasipite tu.

Kitu kingine kilichopunguza majengo ya zamani ni tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, kipimo 5.9, nyumba nyingi zilipasuka au kuanguka na shule kama Ihungo na Nyakato ikabidi zijengwe upya. Nyufa nyingine utaziona mpaka leo.

Kanisa kuu linaruhusu wageni?

Ndiyo, nje ya muda wa misa, na hata wakati wa misa kama umekuja kusali. Humo ndani ndo amezikwa Kardinali Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi, aliteuliwa mwaka 1960. Alifariki 1997 akazikwa Kashozi kwanza, ambako wamisionari wa Kikatoliki walianzia kazi yao Uhayani, halafu Oktoba 2012 mabaki yake yakahamishiwa kanisa kuu la Bukoba baada ya ukarabati. Vaa kwa heshima, simu weka kimya, na usipige picha watu wanaosali.

Kisiwa cha Musira nafikaje na kuna nini?

Unachukua mtumbwi wa injini kutoka upande wa wavuvi, sio safari ndefu. Enzi za bakama kisiwa hicho kilikuwa mahali pa kufungia watu, waliohukumiwa walipelekwa huko. Leo ni kijiji cha wavuvi, dagaa wameanikwa, watoto wanakufuata, na ukipanda juu kwenye mwamba unauona mji mzima wa Bukoba uko mbele yako na vilima vyake.

Ukifika jambo la kwanza ni kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji ujitambulishe, kuna mchango mdogo wa mgeni unalipa. Usiruke hiyo. Nenda asubuhi, mchana ziwa linachafuka, na kuhusu jaketi za kuokolea sirudii, soma jibu la kuogopa meli hapo juu.

Naweza kuogelea?

Watu wanaogelea, mchanga upo na mawimbi yapo. Kichocho nacho kipo, ni Ziwa Victoria hili hili, kwa hiyo kaa mbali na sehemu zenye nyasi, matete na maji yaliyotuama, mdomo wa mto Kanoni usiusogelee kabisa, na uliza wenyeji kuhusu viboko na mamba kabla hujavua viatu. Ukirudi nyumbani ukasikia hauko sawa kapime.

## Kula na kunywa

Nile nini cha huko?

Ndizi. Ndizi na maharage, ndizi na nyama, ndizi na samaki, zimepikwa pamoja sufuria moja mpaka zikalainika na rojo likashika. Wengine wanafika Bukoba wanaagiza chipsi kuku, mi huwa naumia. Ingia kwa mama lishe karibu na soko mchana, mwambie mama nipe ndizi za leo, hizo hizo alizopika asubuhi, ule ukiwa umekaa kwenye benchi na madereva na wauza nguo. Sato na sangara unawajua, ladha ni ya nyumbani.

Senene wanaliwaje, na nawapata wapi?

Msimu ukiwa umewaka huulizi, mji mzima unajua. Usiku unaona taa kali zimewashwa na mabati yamesimamishwa kuzunguka mapipa, senene wanafuata mwanga, wanagonga bati, wanateleza wanadondoka ndani ya pipa. Asubuhi kinamama wako sokoni wamekaa na mabeseni, wanang'oa mbawa na miguu kwa kasi ambayo jicho halifuati, na wewe unanunua waliosafishwa tayari au ambao bado, bei tofauti.

Kukaanga hawahitaji mafuta mengi, wana mafuta yao wenyewe, chumvi, kitunguu ukipenda, unageuza taratibu mpaka wanakuwa wakavu na kulia wakitikiswa kwenye kikaango. Kama unabeba zawadi ya Mwanza chukua waliokaushwa vizuri, wabichi watakuharibikia kwenye basi. Nje ya msimu unapata waliokaushwa na kufungwa, bei juu, na waonje kwanza.

Hiyo kahawa ya kutafuna ndo nini?

Ni buni nzima ya robusta, tunda na ganda lake, imechemshwa na majani ya dawa yenye harufu halafu ikakaushwa juani mpaka ikawa ngumu nyeusi kama jiwe dogo. Unaipasua kwa meno, unatoa ganda, unatafuna punje polepole, mwanzo chungu halafu kuna utamu wa majani unakuja nyuma. Inauzwa imefungwa kwenye maganda makavu ya mgomba, kifungu kidogo kimefungwa kwa kamba ya mgomba huo huo, na ukiingia kwenye nyumba ya Mhaya mzee inawezekana ndo kitu cha kwanza utakachopewa. Pokea kwa mikono miwili.

Enzi za bakama watu wawili waliochanjiana udugu wa damu walikula punje mbili za tunda moja, kila mtu yake, na huo udugu haukuvunjwa. Kwa hiyo ukipewa usiseme hapana, mi natumia chai.

Ukitaka ya kunywa, kahawa ya unga inayosindikwa hapo hapo Bukoba, TANICA, ndo zawadi nyepesi kubeba.

Na rubisi?

Pombe ya ndizi, inanywewa kwenye vibuyu na vikombe, onja kwa mwenyeji anayejulikana na uliyepelekwa na mtu. Ile iliyochemshwa ikawa kali isiyo na nembo achana nayo, haijalishi anayekukaribisha ni mchangamfu kiasi gani.

## Nje ya mji

Nina siku moja ya kutoka. Niende wapi?

Inategemea unapenda nini, ila chagua kimoja.

Kama unapenda mambo ya kale, Katuruka, upande wa Maruku. Hapo watu walikuwa wanayeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na kilichonigusa ni jinsi kulivyogunduliwa, miaka ya 1970 mtafiti Peter Schmidt aliwasikiliza wazee wakisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe na mti wa Kaiija na kazi ya chuma iliyofanyika chini yake, akachimba pale pale waliposema, akakuta. Simulizi za wazee zilikuwa sahihi. Nenda na mwenyeji wa kijiji, msikilize yeye, usikimbilie picha.

Kama unataka historia ya juzi juzi, Kyaka. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, daraja la Kyaka likalipuliwa, na magofu ya kanisa lililopigwa yapo mpaka leo. Ni kilomita 50 na kitu kutoka mjini, barabara ya lami. Ukiwa na mzee aliyekuwepo wakati ule mwombe muende wote kama anaweza, mlipie nauli na chakula.

Kama unataka kuona mkoloni na mkama walivyokaa pamoja, Kanazi, kwenye jumba ambalo Wajerumani walimjengea Mukama Kahigi wa Kihanja, mmoja wa falme za Kihaya. Na popote utakapoelekea, ukiona msonge wa Kihaya, mushonge, ulioezekwa kwa nyasi mpaka chini, simama uombe kuingia.

Rubondo je? Si iko njia hiyo hiyo?

Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, ina sokwe, ina tembo, na inastahili safari yake yenyewe. Kuichomeka kwenye wikiendi ya Bukoba ni kuziharibu zote mbili.

Nikiwa huko naweza kuchungulia Uganda?

Mutukula iko karibu kilomita 80 kutoka Bukoba. Kuvuka unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na kadi ya homa ya manjano uwe nayo. Usivuke kwa njia za pembeni kwa sababu mtu wa bodaboda amekwambia hamna shida, shida utaipata wewe na sio yeye.

## Maswali ya hali maalum

Nasafiri na mama yangu mzee. Itamfaa?

Itamfaa sana, mji ni mtulivu. Meli mchukulie chumba na muulizie cha karibu na ngazi, Musira muache apumzike maana kupanda mtumbwi na kupanda mwamba ni kazi, na nguo za baridi zisisahaulike. Wenyeji watamheshimu kuliko unavyotegemea, atasalimiwa kila hatua.

Mvua imekuja siku zote tatu, nifanye nini?

Bukoba mvua mara nyingi inapiga asubuhi kwa nguvu halafu inaachia. Subiri kwenye chai mpaka saa 4 au 5 ndo utoke. Ikikataa kabisa kuacha: makumbusho, kanisa kuu, sokoni chini ya mabati, na chakula kirefu cha mchana. Safari za vijijini na Musira futa, barabara za udongo mwekundu zinateleza na ziwa litakuwa limechafuka.

Nikisikia kuna tangazo la ugonjwa mkoani?

Kagera imewahi kupata Marburg, Machi 2023 na tena Januari 2025. Yakitoka matangazo ya wizara yafuate, ahirisha, Bukoba haihami. Siku za kawaida nawa mikono, na mapangoni kwenye popo usiingie.

Krismasi nako ni wikiendi ndefu, niende?

Desemba Wahaya wanarudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi, basi zinajaa, meli inajaa, ndege inajaa, na gesti nazo. Mji unachangamka kweli, harusi, sherehe, senene bado wapo. Kama umealikwa na familia nenda, utakula na kucheka mpaka mwaka mpya. Kama hujaalikwa na unategemea kukata tiketi wiki hiyo hiyo, sogeza mpaka 12 Januari, sikukuu ya Mapinduzi, watu watakuwa wamesharudi makazini.

Niko Bukoba, meli ya kurudi imeahirishwa na kesho natakiwa kazini.

Nenda stendi jioni hiyo hiyo, usisubiri asubuhi, kwa sababu abiria wote wa meli watawaza hivyo hivyo na viti vya basi la alfajiri vitaisha. Tiketi ya meli itunze na uulize dirishani kuhusu kurudishiwa hela au kubadilishiwa tarehe, ukiwa hapo hapo, sio kwa simu ukishafika Mwanza. Mpigie bosi wako usiku huo huo umweleze. Mkiwa watatu au wanne na hamna viti, kodini gari dogo mpaka Muleba au Biharamulo, usafiri wa kuelekea Geita na Mwanza mtaupata huko, ila ondokeni kukiwa na mwanga.